Ukuta Uliouma Mbuzi

Kambi ya Kakuma ilipotimiza miaka ishirini, nyumba zake bado ziliitwa nyumba za muda. Watoto waliozaliwa humo walikuwa wamekwisha kuoa na kuolewa, na makaburi yake yalikuwa yamejaa, lakini karatasi za ofisini ziliendelea kusema ni za muda. Kwa kuwa zilikuwa za muda, hakuna aliyeona haja ya kuzifikishia umeme, na kwa kuwa hakuna aliyeufikisha, hakuna aliyemfundisha mtu namna ya kuishi nao. Umeme ulikuja kama fisi anavyokuja bomani: kwa upande wa nyuma, bila kumwomba mtu ruhusa.

Aliyeuleta katika mtaa alioishi Makuei, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, alikuwa Gai, mfanyabiashara mwenye tumbo la mbele na jenereta kubwa iliyonguruma karibu na soko kuanzia asubuhi hadi usiku. Gai alisimamisha nguzo za miti iliyopinda kama vizee, akavuta nyaya juu yake, na kila aliyetaka mwanga alipewa ncha mbili za waya zikining'inia kwenye nguzo iliyo karibu naye.

"Na nani atanifungia ndani ya nyumba?" Makuei alimwuliza siku aliyokwenda kuandikishwa, Novemba ya mwaka 2012.

"Ndani?" Gai alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Ndugu yangu, mimi nauza moto mpaka kwa nguzo. Kutoka nguzo kuingia ndani, hiyo ni wewe na Mungu wako."

"Na ikinipiga?"

"Moto ni kama ng'ombe wa maziwa. Mtu wa kwetu anafundishwa kushika ng'ombe? Shika vizuri, hatapiga teke."

Makuei hakuwa mjinga, wala hakuwa bahili. Hilo lisemwe mapema, maana watu ambao nyaya zao zimefichwa ndani ya kuta za mawe hupenda kuwacheka wanaojifungia umeme kwa mikono yao wenyewe. Alitafuta fundi. Fundi wa pekee mwenye cheti aliyesikia habari zake alikuwa Lodwar, zaidi ya kilomita mia moja za mashimo na vumbi, na mkimbizi hatoki kambini bila kibali. Alikwenda kwenye ofisi moja kuomba maelezo, akapewa kijitabu kuhusu hatari za umeme. Kilikuwa cha Kiingereza tangu jalada hadi jalada, na picha yake ya kwanza ilikuwa ya mtoto wa Kizungu akichokoa soketi kwa uma. Makuei aliitazama picha, akaikumbuka nyumba yake isiyo na soketi wala uma, akakitumia kufunikia mtungi wa maji.

Haja yake ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa macho ya mkewe. Nyaruach alikuwa fundi cherehani. Mchana alishona sare za shule, jioni akashona kanzu za kwaya kwa mwanga wa kibatari kilichomjaza moshi puani. Chakula cha mgawo kilipopunguzwa, ilikuwa mikono ya Nyaruach iliyowalisha, yeye, Makuei na binti yao Nyachuol. Makuei mwenyewe alipakua magunia ghalani siku walizomwita, na siku walizomwita zilikuwa chache. Kila alipomwona mkewe akiusogeza uso karibu na sindano kama mtu anayenusa kitambaa, roho yake ilimwuma.

Basi Jumamosi moja alipanda juu ya debe akaifanya kazi. Waya aliununua kwa muuza vyuma vikuukuu, mwembamba kama kamba ya kiatu. Ukuta wa nyumba yao ulikuwa wa mabati, kama kuta nyingi za mtaa ule. Alitoboa tundu kwa msumari na jiwe, na kingo za tundu zikajikunja nje kama meno ya panya. Akaupitisha waya humo bila kuuvisha kitu chochote. Mahali pa kuunganishia alizisokota nyaya pamoja, akazifunga kwa karatasi ya nailoni aliyoiyeyusha kwa kiberiti. Alipomaliza alishuka, akafuta jasho, akabonyeza swichi.

Taa ikawaka. Nyaruach akapiga kigelegele ambacho majirani walikisikia hadi kwenye bomba la maji. Kisha akakaa kwenye cherehani, akatunga uzi mweupe, akashona kanzu nyeupe, na kwa mara ya kwanza tangu waingie kambini aliuona mshono wake wakati wa usiku.

"Baba Nyachuol," alisema bila kuinua kichwa, "leo umenioa mara ya pili."

Ni nani angemlaumu mtu aliyeambiwa maneno hayo?

Lakini upepo wa Kakuma haujui kupumzika. Kila siku, kuanzia asubuhi, uliyatikisa mabati, na kila yalipotikisika zile kingo za tundu ziliusugua waya. Ngozi ya waya ikaliwa kidogo kidogo, kama kamba inavyoliwa na ukingo wa kisima, mpaka shaba ikagusana na bati. Taa haikuzimika, wala hapakuwa na moshi au cheche. Ukuta mzima uliingiwa na umeme ukanyamaza, kama nyoka aliyejikunja chini ya mkeka.

Sababu ya kunyamaza ilikuwa chini ya miguu ya watu. Mchanga wa Kakuma ni mkavu kama unga, na karibu kila mtu hutembea na akala, viatu vilivyokatwa kutoka kwenye tairi kuukuu. Umeme hupita mwilini mwa mtu pale unapopata njia ya kuingia ardhini, na njia hiyo ilikuwa imefungwa mara mbili, kwa mpira na kwa ukavu. Kilichobaki ni mwasho mdogo tu, kama sisimizi wanaotembea kwenye vidole. Mtaani waliufahamu mwasho huo, wakaufanyia mzaha. Mtu akiugusa mlango akashtuka, jirani alimwambia, "Gai amekusalimia." Wakacheka, wakaendelea na shughuli zao.

Nyaruach alisalimiwa kwa mara ya kwanza mwezi wa Januari, alipokuwa akianika nguo kwenye kamba ya chuma iliyofungwa ukutani.

"Baba Nyachuol, ule ukuta unanichoma."

"Unachoma au unawasha?"

"Unawasha. Lakini sipendi."

Makuei aliinuka, akaenda na akala zake miguuni, akaubandika ukuta kiganja chote. Alisubiri. Akausukuma. Akaupiga kofi kama anavyopigwa ng'ombe mgongoni. "Niume basi!" aliuambia. Ukuta haukumfanya lolote.

"Umeona? Ni mkono wako umechoka na cherehani. Nitaangalia Jumapili."

Jumapili ikaja, kukawa na ibada ya saa tano nzima. Jumapili nyingine akaitwa ghalani. Jumapili ya tatu walikuwa wamekwisha kusahau wote wawili.

Mwezi wa Machi aliyekuja kumkumbusha alikuwa Arupe, mama wa Kiturkana aliyeuza makaa kambini. Kila asubuhi aliingia na gunia mgongoni na mbuzi wanne au watano wakimfuata, na alipokuwa akizunguka kuuza, mbuzi wake walijilaza nyuma ya nyumba ya Makuei. Kulikuwa na kivuli huko, na Nyaruach alipamwaga maji ya kufulia, kwa hiyo ardhi ilikuwa baridi na yenye unyevu. Asubuhi hiyo Arupe alisimama mlangoni bila gunia.

"Ejok, Makuei."

"Ejok, mama. Makaa yako wapi?"

"Makaa baadaye. Mimi nakuja kwa sababu ya nyumba yako. Iko na meno."

Lony, jirani wa ukuta kwa ukuta, mtu asiyeacha mzaha umpite, alikuwa ameketi hapo akinywa chai. "Nyumba iko na meno? Basi ina bahati. Mimi yangu imebaki na fizi tu."

Arupe hakucheka. "Mbuzi yangu hailali tena hapo nyuma. Jua inawachoma, na kivuli wanaona, wanakataa. Wiki mbili sasa. Jana mtoto wa mbuzi amekwenda, ameweka pua kwa hii mabati, ameshikwa. Anatetemeka tu, halii. Mimi nikamshika, na mimi nikaumwa mpaka hapa." Alijigusa begani. "Nikaacha. Nikachukua kuni kavu, nikamtoa na kuni. Lakini amekufa."

Ni vizuri kueleza kilichopita kichwani mwa Makuei, maana hapo ndipo kosa lilipokaa. Kati ya wenyeji na wakimbizi palikuwa na miaka ishirini ya mashitaka: kuni za nani, maji ya nani, mbuzi wa nani kafa wapi na nani amlipe. Walipewa jangwa moja na sahani moja, kisha wakaachwa wagombane, na waliowaacha wakaandika ripoti juu ya ugomvi wao. Kwa hiyo Makuei aliposikia neno mbuzi, hakusikia neno jingine tena. Alidhani Arupe anakuja kudai fidia.

"Mama, mbuzi wako amekula nailoni. Hapa kila siku mbuzi wanakula nailoni, wanakufa."

"Sitaki mbuzi. Mbuzi amekufa, amekwisha. Mimi nasema ya watu."

"Kumbe mbuzi wa Arupe wamesoma sayansi!" Lony alisema. "Tuwapeleke chuo, Makuei, watuletee umeme wa serikali."

Wakacheka. Hata Nyaruach, aliyekuwa na pini mdomoni, alicheka kwa pua. Arupe aliwatazama mmoja mmoja, akatema mate pembeni, akasema, "Mtoto wako anacheza hapo nyuma," kisha akaondoka. Hasira yake haikumzuia kurudi. Kesho yake alikuja na makaa kama kawaida, ila mbuzi aliwafunga mbali, penye jua.

Mvua ilinyesha Aprili. Ilinyesha kwa siku mbili kama vile anga limepasuka, na mito ya mchanga iliyokuwa imekauka ikapita na miti mizima mgongoni. Siku ya tatu ikapumzika asubuhi. Mtaa wote ulikuwa tope hadi kwenye vifundo vya miguu, na tope likinyonya akala hazitoki. Watu wakavua viatu. Ukavu uliokuwa umewalinda bila wao kujua ulikuwa umeondoka, na mpira nao ukawekwa mlangoni.

Saa nne Nyaruach alitoka nyuma ya nyumba, pekupeku, akiwa na kanzu sita za kwaya alizozifua ili zisioze kwa unyevu. Jenereta ya Gai ilikuwa imeanza kunguruma. Ile kamba ya kuanikia ilikuwa imelegea, naye akanyoosha mkono wa kulia kuikaza pale ilipofungwa kwenye bati.

Hakulia. Hilo ndilo lililomwogofya Arupe, ambaye wakati huo alikuwa akipita na kuni kichwani, zilizofunikwa kwa gunia la plastiki. Alimwona Nyaruach amesimama wima, mkono umeng'ang'ania ukuta, taya limefunga, mwili wote ukitetemeka kimyakimya. Alikuwa ameyaona hayo kabla.

"Makuei! Makuei! Meno! Meno ya nyumba!"

Makuei alitoka mbio, naye pia pekupeku. Akamwona mkewe, akanyoosha mikono yote miwili kumkumbatia. Kabla hajamfikia, pigo la ukuni lilimpata kifuani, akaanguka chali topeni.

"Usimshike! Utakufa na yeye!" Arupe alipiga kelele, na bila kungoja jibu alisimama juu ya mzigo wa kuni zake kavu, akaingiza ukuni kati ya kiganja cha Nyaruach na bati, akaukandamiza kwa uzito wake wote kama mtu anayebandua jiwe. Mara ya kwanza ukuni ukavunjika. Mara ya pili mkono ukabanduka, na Nyaruach akaanguka kama gunia lililokatwa kamba.

Alikuwa hapumui. Lony, ambaye hakuwa na mzaha siku hiyo, alikimbia hadi kwa Gai na kung'oa nyaya kwenye nguzo kwa mpini wa jembe. Makuei alimpulizia mkewe mdomoni, akalia, akampulizia tena, akamwita kwa majina yote aliyowahi kumwita. Pumzi ya kwanza ilirudi na sauti kama ya mlango uliokaa bila kufunguliwa. Kiganja chake kilikuwa cheusi, na chini ya wayo wa kushoto palikuwa na tundu dogo lililoungua, pale umeme ulipotokea kwenda ardhini.

Gari la wagonjwa likampeleka Lodwar. Makuei hakuruhusiwa kupanda. Alikuwa hana kibali cha kutoka kambini, na afisa wa vibali alikuwa mkutanoni. Alikaa siku mbili kwenye foleni, na matope ya siku ile yakiwa yamemkaukia mgongoni, ili aruhusiwe kwenda kumwona mke wake mwenyewe. Anayetaka kujua hasira ni nini na aiulize foleni ile.

Alipofika wodini alimkuta Nyaruach amefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko. Vidole viwili vya mkono wa kulia, kidole gumba na cha shahada, vilikuwa vimekatwa. Hivyo ndivyo vinavyoshika sindano.

Makuei alipiga magoti kando ya kitanda. "Ni mimi nimekukata, Mama Nyachuol. Uliniambia. Arupe akaniambia. Mimi nikapiga ukuta kofi."

"Na mimi nilicheka," Nyaruach alisema. "Usijibebee peke yako."

Juu ya ngazi, katikati ya wodi, mwanamke aliyevaa ovaroli ya buluu alikuwa akitengeneza feni. Jina lake lilikuwa Jerotich, fundi wa umeme kutoka Bonde la Ufa aliyehamia Lodwar kwa kazi. Alisikia yote. Akashuka taratibu, akafuta mikono.

"Samahani, baba, nimeingilia. Hiyo waya uliipitisha kwa bati bila kitu?"

"Bila kitu. Kulikuwa na kitu cha kuweka?"

"Kipande cha mpira wa maji, mrefu kama kidole. Unakivisha waya pale penye tundu, bati haligusi ngozi yake." Akamwona Makuei akiinamisha kichwa, akaongeza upesi, "Hukuambiwa. Mimi nilikaa darasani miaka miwili nikaambiwa. Wewe nani alikuambia? Na nyumba zingine za hiyo laini ziko aje?"

Makuei hakuwa amewaza juu ya nyumba nyingine.

Wiki mbili baadaye, Nyaruach aliporuhusiwa kurudi, Jerotich alikuja Kakuma siku yake ya mapumziko. Alizunguka na bisibisi yake ya kupimia, ile yenye taa ndogo kwenye mpini inayowaka inapogusa umeme. Katika nyumba kumi na mbili za laini ile, taa iliwaka kwenye kuta saba. Makuei akaomba watu wakutane alasiri katika kanisa la mtaa.

Gai alipata habari, akamtumia ujumbe: akisema jambo lolote mbele ya watu, atakaa gizani maisha yake yote. Makuei alimjibu aliyetumwa, "Mwambie giza nalijua. Halikati vidole."

Kanisa lilijaa. Gai alikaa mbele, na mkewe, Mama Wal, kando yake. Arupe alisimama mlangoni, mpaka Nyaruach alipomwita akae karibu naye. Jerotich alieleza kwa maneno mepesi namna umeme unavyotafuta ardhi, na kwa nini ukuta unaowasha wakati wa kiangazi unaua wakati wa mvua. Kisha akauliza, "Ni nani hapa ameumwa na ukuta wake, hata kidogo?"

Kila mmoja alitazama miguu yake. Kukiri kulikuwa na gharama: Gai yupo, na waya wa Gai hukatwa kwa neno moja tu.

Nyaruach akainua mkono. Ule ule, wenye bendeji, wenye vidole vitatu.

Lony akainua wa kwake. "Tangu mwaka jana," alisema. "Nilikuwa nafanya mzaha." Akafuata mzee wa kwaya. Akafuata mama mwenye mtoto mgongoni, akasema mtoto hulia kila anapougusa mlango, naye amekuwa akimpiga kwa kudeka. Mikono ikaongezeka. Mwisho, polepole, Mama Wal naye akainua wa kwake.

Gai aligeuka kwa kishindo. "Wewe? Wapi?"

"Mlango wa jikoni. Tangu Krismasi. Nilikuambia, ukasema nivae viatu."

Gai aliutazama mkono wa mkewe, kisha ule wa Nyaruach. Tumbo lile kubwa likashuka kama mfuko uliotobolewa. Aliinuka, akatoka, na baada ya dakika chache ngurumo ya jenereta ikakatika mchana kweupe. Watu wakasikia kuku. Wakasikia upepo kwenye mabati.

Jenereta ilikaa kimya siku tisa. Jerotich aliwaonyesha watu, nao wakazifanya kwa mikono yao kazi ambazo tangu mwanzo wangezifanya kama wangeonyeshwa: mpira kwenye kila tundu, waya mnene mahali pa ule mwembamba, tepu mahali pa nailoni, na kwenye kila nguzo kikatio kinachozima umeme unapopotea njia. Gai alivinunua vikatio bila kubishana. Vidole vya Nyaruach havikurudi. Vilikatwa na jambo ambalo mbuzi walilikimbia kabla ya watu, na ambalo mtaa mzima uliliona dogo kiasi cha kulichekea. Lilikuwa dogo kweli, dogo kama mwiba, nao waliutembelea mwiba huo mpaka mguu ukavimba. Ndipo walipoamini walichoambiwa na wazee wa lugha hii: mdharau mwiba, mguu huota tende.